Kabla ya Kumpa Mzee Kidonge cha Usingizi

Saa kumi na moja na nusu jioni mama yangu huanza kuutafuta mundu wake. Huinua mito ya makochi, huchungulia nyuma ya jokofu, kisha husimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyecheleweshwa kazini: "Ng'ombe wamekatiwa majani?" Ng'ombe wa mwisho wa mama aliuzwa mwaka tuliomzika baba, na zizi lenyewe liko Machame, ilhali sisi tunaishi Dar es Salaam. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amekunywa uji wake vizuri, amesali, amemsalimu jirani na kumuuliza hali ya wajukuu. Jua likianza kushuka anakuwa mtu mwingine. Anazunguka sebuleni, anavuta kitasa, anamshutumu dada anayetusaidia kuwa amemwibia fedha, na mara mbili ameniuliza mimi, mwanawe wa kumzaa, nimefuata nini katika nyumba ya watu.

Wauguzi wanaijua hali hii wodini, na familia zinazouguza wazee zinaijua zaidi. Ni fadhaa ya jioni inayowapata watu wengi wenye dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Wengi huita ugonjwa wa kusahau, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha kidogo, kwa sababu lawama kubwa ya familia zinazokuja kliniki haihusu kusahau. Inahusu jioni. Mzee aliyesahau jina la mjukuu husamehewa. Mzee anayegonga mlango hadi saa sita usiku huichosha nyumba nzima.

Naandika makala haya kwanza kama daktari aliyekosea nyumbani kwake. Jioni zilipozidi kuwa nzito nilifanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya: nilimwandikia mama yangu haloperidoli. Nilijiambia kuwa ni kipimo kidogo. Usiku wa kwanza alilala, na sisi tukalala, na asubuhi nilijiona mwana mwema. Siku ya nne mwili wake ulikuwa umekakamaa, mate yakimtoka, uji ukimpalia. Siku ya tano alianguka mlangoni mwa bafu akavunjika kifundo cha mkono. Ni muuguzi mmoja wa makamo, aliyekuwa akimfunga bandeji, aliyeniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Daktari, mama amepata choo lini mara ya mwisho?"

Sikujua. Dada wa nyumbani alijua: zilikuwa siku sita. Na si hilo tu. Miezi miwili kabla, mama alipolalamika kuwa nyayo zinamwaka moto, mimi mwenyewe nilimwanzishia amitriptilini usiku. Dawa hiyo hufunga choo, huzuia mkojo, hukausha kinywa, na kwa ubongo wa mzee mwenye dimensia huongeza mkanganyiko. Kwa hiyo nilikuwa nimemtia mama fadhaa kwa dawa moja, kisha nikaituliza fadhaa hiyo kwa dawa ya pili, na ile ya pili ikamwangusha. Tulipoziacha zote mbili kwa utaratibu na kulishughulikia tumbo lake, jioni hazikwisha, lakini zilipungua nusu. Ni makadirio ya macho yangu tu, ila dada aliyekuwa akilala naye chumba kimoja aliyathibitisha.

Hoja yangu basi ni hii. Sisi wahudumu wa afya tunaikaribia fadhaa ya jioni kutoka upande usiofaa. Familia inapotuambia "usiku halali", kalamu huanza kutembea kabla swali halijaulizwa. Tunatibu saa mbili ya usiku, wakati mambo mengi yanayoiharibu saa hiyo yametokea kati ya asubuhi na saa kumi.

Onyo dhidi ya mazoea haya si jipya. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, baada ya kupitia majaribio 17, ilitangaza kwamba wazee wenye dimensia waliopewa dawa mpya za kutuliza wagonjwa wa akili walikuwa na hatari ya kufa mara 1.6 hadi 1.7 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kuzihusu dawa kongwe, zikiwamo haloperidoli na klorpromazini, ambazo ndizo zilizo nyingi katika kabati za vituo vyetu. Wapo pia wagonjwa wenye aina ya dimensia iitwayo ya Lewy, ambao huona watu au wanyama wasiokuwapo na mwendo wao huwa mzito. Hao haloperidoli inaweza kuwaumiza vibaya sana, hata kwa kipimo kidogo. Diazepamu nayo huwalegeza misuli, huwaangusha, na wakati mwingine huwazidishia fujo badala ya kuwatuliza.

Kuna dawa nyingine ambayo haiandikwi na daktari yeyote. Ni vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio, klorofenirameni, vinavyouzwa kila duka la dawa na ambavyo familia nyingi huwapa wazee "ili wasinzie". Vinasinzisha kweli. Lakini vinafanya kazi kwa njia iliyo karibu na ile ya amitriptilini: vinazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo mgonjwa wa dimensia tayari anayo kidogo. Mzee hulala saa mbili, huamka katikati ya usiku akiwa amepotea zaidi ya alivyolala. Nawaomba wahudumu wa maduka ya dawa wawe wanamuuliza mteja dawa hii ni ya nani kabla ya kumfungia.

Kwa nini jioni? Sababu si moja. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna fungu dogo la seli linaloongoza saa ya mwili. Hupokea habari za mwanga kutoka machoni, na giza likiingia huruhusu homoni ya melatonini imiminike ili mwili ujiandae kulala. Katika ugonjwa wa Alzheimer fungu hilo nalo huharibika, na mzee hupoteza mpaka kati ya mchana na usiku. Mwenye mtoto wa jicho hupokea mwanga mchache zaidi. Na mzee anayefungiwa chumbani mchana kutwa kwa hofu kwamba atapotea, pazia likiwa limeshushwa, hampi ubongo wake alama yoyote ya kwamba siku imeanza.

Juu ya hilo kuna uchovu. Mtu mwenye dimensia hufanya kazi kubwa siku nzima kuelewa mambo ambayo wengine tunayaelewa bila kujua kama tunafikiri: huyu ni nani, hapa ni wapi, mlango wa choo ni upi. Kufika jioni akiba imekwisha. Na saa hiyohiyo ndipo nyumba zetu hulipuka. Watoto wamerudi shule, sufuria ziko jikoni, televisheni inatangaza, geti linagongwa, kila mtu anapita haraka mbele yake. Huku kwetu, karibu na ikweta, machweo ni mafupi. Chumba kilichokuwa na nuru saa kumi na mbili na robo kinajaa vivuli baada ya muda mdogo sana. Umeme ukikatika, taa ya mkononi humgeuza kila apitaye kuwa kivuli kirefu ukutani. Hata mimi mwenye akili timamu hushtuka.

Kwa hiyo maandalizi ya jioni yanaanza asubuhi. Mama sasa hukaa barazani kwenye jua la saa mbili hadi saa tatu, akichambua mchicha. Usingizi wa mchana tunamwachia nusu saa tu, na kabla ya saa tisa. Chai ya rangi na kahawa vimekoma baada ya chakula cha mchana, na maji anakunywa kwa wingi mchana, si usiku. Saa kumi na moja anapelekwa chooni hata kama hajasema kitu, kwa sababu mtu aliyepoteza maneno ya kusema kibofu kimejaa atasema kwa miguu: atazunguka. Taa huwashwa kabla ya giza, siyo baada yake, na pazia huvutwa ili asimwone mtu asiyemfahamu kwenye kioo cha dirisha. Chakula chake hutangulia cha wengine. Anayetumia furosemidi au dawa nyingine ya kukojoza amuulize daktari wake kama anaweza kuimeza asubuhi. Nimekuta wazee wanaoimeza saa kumi na mbili jioni kwa sababu tu ndipo mwana anaporudi kazini.

Halafu kuna maumivu. Mgonjwa wa dimensia anayeumwa goti hasemi goti linauma. Humpiga anayemvalisha suruali. Kabla ya kusema mzee ni mkali, mtazame uso anapoinuka kitini. Tazama meno, kucha za miguu, ngozi ya makalio. Chungulia masikio, maana nta iliyojaa humfanya asikie minong'ono tu, na anayesikia minong'ono huamini anasengenywa.

Jambo moja nataka lieleweke bila utata. Fadhaa ya jioni hujijenga polepole kwa wiki na miezi, na asubuhi hupungua. Mzee aliyekuwa na jioni zake za kawaida na ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, akachanganyikiwa kupita kiasi, akawa na usingizi mzito usio wa kawaida, au akawa anabadilika badilika mchana na usiku, huyo ana dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, mkojo uliozuiliwa, sukari iliyoshuka kwa anayetumia dawa za kisukari, au damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Wazee wengine hawapati homa hata wakiwa na maambukizi makali. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka aseme wazi: "Jana hakuwa hivi." Nasi tunaompokea tusimjibu kwamba ni uzee.

Sasa nije kwenye swali ambalo familia huniuliza kwa aibu, tena mara nyingi wakiwa wamesimama tayari kuondoka: je, ni dhambi kumdanganya mzazi? Mama akiuliza kama ng'ombe wamekatiwa majani, nimwambie ndiyo? Mzee akisema anamsubiri mkewe aliyefariki miaka kumi iliyopita, nimwambie ukweli?

Nilianza kwa kumwambia mama ukweli. "Mama, ng'ombe waliuzwa. Baba alifariki. Hapa ni Dar es Salaam." Kila jioni nilimpa msiba upya, na kila jioni alilia kama aliyesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kisha nikaenda upande wa pili nikawa namwambia ng'ombe wameshakula. Hapo alitaka kwenda kuhakikisha, na uongo wangu ukawa sababu mpya ya kugombana mlangoni. Tulichojifunza baadaye, tena kwa kumsikiliza yule dada asiyesoma udaktari, ni kuacha kubishana kuhusu ng'ombe na kuzungumza juu yao. "Mama, yule mwekundu alikuwa akitoa maziwa kiasi gani?" Uso hufunguka. Hueleza mgomba unavyokatwakatwa wakati wa kiangazi, majani yanavyofuatwa tambarare na kupandishwa kichwani, nani alikuwa mvivu katika wake wa ndugu. Dakika ishirini hupita, na wakati mwingine mundu nao husahauliwa.

Si ujanja. Ukimtazama vizuri, mama hajapotea katika kitu kisicho na maana. Kwa miaka zaidi ya hamsini jioni ilikuwa saa ya kazi kwake: wanyama walishwe, watoto wahesabiwe, moto uwashwe. Mwili umeikumbuka saa, akili imepoteza mahali. Anayesema "nataka kwenda nyumbani" akiwa amekaa nyumbani kwake, mara nyingi anaomba usalama, au kazi, au mtu fulani. Basi tunampa kazi. Zipo kanga nne ambazo hukunjwa kila jioni katika nyumba yetu, na usiku akishalala hukunjuliwa zikisubiri kesho. Kwa mzee aliyekuwa mvuvi ni wavu wa kufundua, kwa aliyekuwa karani ni karatasi za kupanga. Akikataa kukaa, tembea naye nje kidogo kungali na mwanga, zungukeni nyumba, mrudi. Kumshika mkono kwa nguvu au kumfungia mlango mbele ya macho yake huwasha moto ambao saa mbili hazitoshi kuuzima. Kumfunga kwa kamba, jambo ambalo bado nalikuta, ni kumuumiza, na mwenye kulifanya ahitaji kusaidiwa kabla ya kuhukumiwa.

Suala hili lina hatari nyingine ambayo wataalamu wa nchi za mbali hawaiandiki. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni. Mfikirie basi mwanamke wa miaka themanini anayekutwa saa tatu usiku nyuma ya nyumba ya jirani, nguo zikiwa nusu, akiita majina ya watu waliokufa. Hana neno la kujitetea. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu haupaswi kufichwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, wilaya ya mama yangu, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta dimensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kila kata ina wazee kama hao. Mwambie balozi, waambie majirani, waambie vijana wa bodaboda kijiweni: mama huyu anaumwa, mkimkuta njiani mnipigie. Andika namba ya simu, ishone kwenye pindo la gauni lake.

Najua nitajibiwa. Mama mmoja aliyemleta baba yake kliniki alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Daktari, mimi nauza samaki. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yangu ya kuuza. Hayo ya kukunja kanga nitayafanya saa ngapi?" Alikuwa sahihi. Mashauri yangu yanahitaji mtu mwenye jioni, na familia nyingi za mjini hazina. Zipo zinazolala chumba kimoja watu sita, ambako mzee asipolala hakuna anayelala, na mwana huingia kazini kesho yake akiwa amekesha. Mlezi aliyechoka namna hiyo hufika mahali anapoinua mkono, kisha hujichukia. Kwa mtu kama huyo kugawana zamu na ndugu ni sehemu ya matibabu, na mhudumu anaweza kuwaita ndugu hao kliniki na kuwaambia hivyo waziwazi. Ndugu wa mbali wanaotuma fedha na kutoa amri kwa simu, waje wiki moja walale chumba hicho.

Zipo pia jioni ambazo dawa inahitajika. Mgonjwa anayehatarisha maisha yake au ya wengine, baada ya choo, mkojo, maumivu, maambukizi na dawa za awali kuchunguzwa, anaweza kupewa dawa ya kutuliza kwa kipimo cha chini kabisa, familia ikiwa imeelezwa hatari zake. Ninachokipinga ni dawa isiyo na mwisho. Nimeona vyeti ambavyo haloperidoli imerudiwa kwa mwaka mzima, kila mwandishi akinakili aliyemtangulia, hakuna aliyeuliza ilianzishwa kwa nini. Iandikwe na tarehe ya kuipitia upya, ndani ya wiki chache, na jina la atakayeipitia.

Hospitali zetu za umma zina dirisha la wazee. Pale mzee anapopimwa shinikizo la damu na uzito, naomba liongezwe swali moja kwa aliyemsindikiza: "Jioni ya jana ilikuwaje?" Halihitaji mashine wala bajeti. Na familia nazo zije na daftari: saa fadhaa ilipoanza, alichokula, choo, usingizi wa mchana, dawa zote zikiwamo za duka na za miti shamba, nani alikuwa naye. Daftari la wiki mbili limewahi kunionyesha kilichonificha kwa miezi. Kwa mzee mmoja fujo zilikuwa zikitokea siku za Jumanne na Ijumaa tu, siku ambazo alisindikizwa na mjukuu mmoja mwenye haraka kwenda kuoga maji baridi saa kumi na mbili.

Mama ana jioni mbaya bado. Juma lililopita alimng'ata dada mkono, na mimi nilipandisha sauti, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye geti kama dakika kumi. Niliporudi alikuwa amekaa kitini, kanga mbili zimekunjwa, mbili bado. Akaniuliza kama nimetoka mbali. Nikamwambia ndiyo, mama, nimetoka mbali kidogo. Akanisogezea kanga ya tatu.